Sitti na Njia ya Dawa

Mimi si mtu wa kupamba maneno. Nauza samaki wakavu sokoni Koboko tangu turudi kutoka Zaire, na ukimpamba samaki aliyeoza, mteja anarudi mchana huohuo kukutupia mbele ya watu. Basi nitamsema Sitti kama alivyo. Nimechoka kuwasikia watu wakimtilia chumvi, mara ni mchawi, mara ana wazimu. Wengi wao hawajaingia hata uani kwake. Mimi, Rosa Kiden, mama yake Ladu, nimegawana naye ua mmoja wa matete miaka yote hii, yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na moshi wa jiko lake unaingia kwangu kila upepo ukivuma.

Kazi yake ilikuwa kuchanja. Kwetu mtu akiumwa goti au kichwa, anachanjwa chale ndogo palepale panapouma, kisha dawa inasuguliwa kwenye damu ili iingie hapohapo. Kila ukoo una mama mmoja wa kazi hiyo, lakini wengine mkono wao ni kama wanachuna mbuzi. Wa Sitti ulikuwa mwepesi. Nimeona mtoto mchanga akichanjwa kifuani huku ananyonya, na hakuachia ziwa. Aliletewa watu mpaka kutoka upande wa Sudan. Mtu akimwambia kwamba zahanati wamempa vidonge vya kumeza kwa ajili ya mguu, Sitti alikuwa anamwangalia kwa huruma, anamuuliza, "Mguu ndiyo iko uma. Tumbo imefanya nini?" Hapo watu walicheka, na yeye alikuwa hachezi.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ilipoanguka, sisi tuliokuwa na waume jeshini tulivuka kwenda Zaire na sufuria kichwani. Mume wake, Yugu, alikuwa dereva wa lori la jeshi. Huko Zaire wavulana wao wawili walikufa kwa surua, msimu mmoja. Baadaye Yugu akasema anakwenda Sudan kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Alimwachia Sitti mimba, na mimba hiyo ndiyo binti yake, Afisa. Tulipokuja kurudi Koboko, nyumba zetu zilikuwa kuta tu, na Afisa alikuwa mtoto wa kutembea, anatukana kwa Kilingala bila kujua anachosema. Sitti hakuwa na mtu mwingine duniani. Nalisema hili wazi sasa, ili usiniulize baadaye kwa nini alimlinda yule mtoto vile.

Mwaka wa tisini na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, Afisa akawa anatafuna upande mmoja. Meno ya upande wa pili yalikuwa yanalegea. Tukasema ni meno ya utoto, amefika umri. Lakini yaliyolegea yalikuwa magego, kisha shavu likaanza kuvimba, likasukuma jicho juu mpaka mtoto akawa anaangalia watu kwa jicho moja. Sitti alimchanja mara ya kwanza kwa dawa yake ya mizizi. Haikusaidia kitu. Yeye ana sifa moja ambayo waganga wengi hawana: dawa yake ikishindwa, anasema imeshindwa. Akafunga nguo zake, akaniambia, "Mama Ladu, twende Arua." Nikamwachia dada yangu samaki, tukapanda gari la Abiriga, yule wa kubeba chumvi na sabuni.

Tulifika katika hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji. Daktari alikuwa Mlugbara, kijana bado, jina lake Adriko, amesoma Ulaya na kurudi. Yeye hajui Kikakwa, lugha yetu, na sisi Kilugbara chetu ni cha kununulia mihogo, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili. Alimpapasa Afisa shavu, akampapasa tumbo, akamfungua mdomo. Akasema ni saratani ya taya, inakamata watoto wa huku kwetu, na inakua haraka sana.

"Iko pona?" Sitti akauliza.

"Wengine wanapona, mama. Si wote. Saratani nyingi zinatushinda, lakini hii inasikia dawa. Ila lazima dawa imalizike yote."

Walimchoma sindano kwenye mshipa wa mkono. Sitti akamgusa daktari kwenye kiwiko, akamwonyesha shavu. "Uvimbe iko hapa, dokta. Hapana mkono."

"Damu itaipeleka."

"Damu iko peleka mpaka wapi?"

"Mwili mzima. Na huko shavuni pia."

Sitti akanyamaza. Namjua akinyamaza vile. Alikuwa ameona kosa katika kazi ya mtu mwingine, na kwa adabu hakulisema.

Lakini ile dawa, mimi sijapata kuona kitu kama kile. Wiki haikuisha, uvimbe ulikuwa umeshuka, jicho limefunguka, Afisa anadai chapati. Sitti alikuwa anaweka kiganja kwenye lile shavu, anakitoa, anakiweka tena. Nilifurahi mpaka nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Kisha ubaya wake ukaja. Mtoto alitapika mpaka akawa anatoa maji ya kijani. Mdomo ukajaa vidonda. Nywele zikawa zinabaki kwenye mkeka akinyanyua kichwa, na Sitti anaziokota kimya, anaenda kuzizika nyuma ya choo cha wodi. Aliniuliza jambo moja tu. "Nywele imekosa nini?"

Vitanda vilikuwa vichache, na daktari akaona mtoto ana nguvu kidogo, akaturuhusu twende nyumbani na vidonge vya dawa ileile, kisha turudi baada ya mwezi kwa sindano nyingine. Sista Margarita, muuguzi wa wodi, alitueleza mara mbili: ameze asubuhi, anywe maji mengi kutwa nzima, hata akitapika asiache. Sitti alirudia maneno yote sawasawa. Nilikuwapo nikisikia. Anayesema Sitti hakuelewa kwa kuwa hakusoma, anamtukana bure.

Nyumbani alianza kama alivyoambiwa. Kila asubuhi vita. Afisa akiona kikombe anakimbia kujificha nyuma ya ghala la mtama, na kile kichwa chake kisicho na nywele kinaonekana kutoka barabarani. Akimeza anatapika. Alikuwa mwembamba hata gauni linageuka lenyewe mgongoni. Asubuhi moja alipiga magoti mbele ya mama yake, mtoto wa miaka sita, akamshika miguu kama mtu mzima anayeomba radhi, akasema hataki tena. Sitti alikaa na kidonge mkononi mpaka jasho likakilainisha.

Mchana wake akaja kwangu. Alisimama hapo kwenye ua, upande wake, hakuingia.

"Mama Ladu, hii dawa iko ya kweli. Mimi nimeona na macho yangu, hapana danganywa. Lakini njia yake mbaya. Inatoka tumboni, inakwenda kichwani, inakwenda mdomoni, inaharibu kila mahali, halafu kidogo tu ndiyo inafika kwa uvimbe. Mimi naweza kuipeleka."

"Daktari alisema kumeza."

"Daktari hajui kuchanja."

"Na wewe hujui saratani. Mpe ameze. Nitakuja kumshika miguu asubuhi kama ni kushika."

"Mama Ladu," akasema, "wewe uza samaki yako."

Tulinuniana kwa muda. Mimi hasira zangu hazikai, lakini zake hukaa. Nilimwona kwa juu ya matete akifanya kazi. Alisaga vidonge kwenye jiwe safi, akachanganya na mafuta ya simsim, akafungua wembe mpya. Alimkalisha Afisa katikati ya mapaja yake, akamchanja chini ya taya na mbele ya sikio, mistari midogo iliyonyooka, akasugua ile dawa kwa kidole gumba mpaka ikaisha. Mtoto alikuwa anachezea bangili za mama yake. Kwake yeye kuchanjwa si kitu, alikulia humo.

Kila asubuhi akafanya hivyo. Na sasa nikwambie kilichotokea, kwa sababu wanaomcheka leo walikuwa wa kwanza kumsifu. Afisa aliacha kutapika. Vidonda vya mdomo vikapona. Nywele zikaanza kuota, laini kama za kifaranga, na shavu limetulia, hakuna uvimbe. Alikula. Alinenepa. Alirudi kunitukania samaki wangu kwa Kilingala. Mama mmoja jirani, Drateru, ambaye leo ndiye ana mdomo mrefu kuliko wote, alikuja na kuku wa zawadi, akasema mkono wa Sitti umewashinda Wazungu. Mimi mwenyewe nilimwangalia yule mtoto akiruka kamba, nikaanza kuamini. Mwezi ulipotimia, Sitti hakwenda Arua. Aende kufanya nini na mtoto mzima?

Mavuno ya karanga yakaja. Afisa akasema tumbo linauma. Tukasema ni karanga mbichi, watoto wote wanaumwa. Halafu tukaona tumbo linavimba wakati mikono inakonda. Halafu asubuhi moja akaamka, upande wa pili wa uso, ule ambao haukuwahi kuugua, umejaa. Sitti alimgusa pale. Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu.

Njia yote ya kwenda Arua alimpakata, na alikuwa anamhesabia miti mikubwa ya barabarani, huu wa nani, huu wa nani. Nilimtazama usoni nikaogopa. Hapakuwa na kitu usoni pale. Nilitamani alie nijue nimshikeje.

Sista Margarita ndiye alimfungua Afisa kilemba. Akaona zile chale, safu kwa safu, zimepona vizuri sana. Alijua mara moja, yeye ni mtu wa huku.

"Mama, vidonge nilivyokupa ulifanya nini?"

Sitti akamwambia. Hakuficha hata chembe, alieleza mpaka mafuta ya simsim.

"Basi umetupa dawa ya mtoto chini," Margarita akasema. Sauti yake ilipanda. Akasema dawa ile inatafutwa kwa shida, akasema wapo akina mama wanaolala hapo barazani wakiomba hata nusu yake. Wodi nzima iligeuka. Sitti alisimama tu, ameshika kile kilemba. Nilitaka kumjibu Margarita, na ningemjibu kweli, lakini alichosema kilikuwa sawa.

Daktari Adriko alikuja akamwambia Margarita aende kuandaa sindano. Alimpima Afisa muda mrefu. Kisha akamweleza Sitti, polepole, bila ukali. Alisema ile dawa ndani ya kidonge imelala. Mpaka imezwe au iingie mshipani, ifike kwenye ini, na ini ndilo linaiamsha. Ukiipaka kwenye nyama ya shavu inabaki imelala palepale, haina nguvu kuliko unga wa muhogo.

"Lakini alipona," Sitti akasema.

"Ile sindano ya kwanza ilimsaidia, mama. Nywele ziliota na kutapika kuliisha kwa sababu hakuwa anapata dawa tena."

Nilimwona Sitti akiyapokea yale maneno. Aliangalia kidole chake gumba. Akauliza, "Sasa?"

"Sasa tunaanza upya. Saratani imeenda tumboni. Ni ngumu zaidi, lakini sijakata tamaa."

Kwa hiyo walianza. Sindano, kutapika, nywele mkekani. Safari hii Sitti alishika beseni mwenyewe, na mtoto akimaliza kutapika anamfuta, anamwambia, "Vizuri. Hiyo iko dawa inafanya kazi." Afisa alimsadiki. Alikuwa ananionyesha beseni kana kwamba ameshinda mchezo. Tumbo lilipungua, na kwa siku chache nikaanza kufikiria samaki wangu na njia ya nyumbani. Kisha miguu ikakataa kusimama. Kisha akawa analala mchana. Sindano iliyofuata haikubadilisha kitu. Alikufa siku ya Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, wodi imejaa harufu ya maharage, mkono wake ukiwa ndani ya bangili za mama yake.

Sitti hakulia. Mimi nililia kwa niaba yetu sote wawili, na sijui kama alinisikia. Alimwosha usoni, akaomba shuka jeupe, akauliza gari la Abiriga linapita saa ngapi. Watu wa hospitali walimpa nafasi ya kupiga kelele, akaiacha. Tulikaa barazani tukisubiri, yeye amempakata mtoto ndani ya shuka, na nilipomgusa Sitti, mkono wake ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka mtoni. Akasema, "Sisikii kitu, Mama Ladu. Hata mgongo hauumi."

Daktari Adriko akaja akakaa kwenye benchi letu. Naamini alikuja kwa wema. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala.

"Mama Afisa," akasema, "sitaki uende nyumbani na maneno ya Sista peke yake. Ulichofikiria hakikuwa ujinga. Nilipokuwa nasoma Ulaya niliona watu wazima, maprofesa, wanatafuta kitu hichohicho. Wanasema kama wewe: dawa inaharibu mwili mzima, tuipeleke penye uvimbe tu."

Sitti akageuka. Tangu mchana hakuwa amemwangalia mtu.

"Wanachanja?"

"Hapana. Wanatengeneza vipira vidogo sana, hata kwa darubini ya hapa huwezi kuviona. Ni aina ya plastiki ambayo inayeyuka yenyewe mwilini. Wanaifungia dawa ya saratani ndani yake. Inapita kwenye damu ikiwa imefungwa, haigusi tumbo, haigusi nywele. Ikifika kwenye uvimbe, plastiki inaachia, dawa inatoka hapo."

"Plastiki ya jerikeni?"

"Si ya jerikeni, mama. Ndugu yake wa mbali."

Sitti akafikiri. Nilimwona akifikiri vile anavyofikiri mbele ya mgonjwa, kichwa kimeinama kidogo. "Na njia inaijuaje?"

Daktari akafungua kiganja, akachora kwa kidole. "Mishipa ya damu ya uvimbe inajengwa haraka, vibaya, ina matundu. Ile ya mwili mzima haina matundu makubwa. Kwa hiyo vile vipira vinapita kwingine kote, vinakuja kuvuja na kukwama kwenye uvimbe."

"Iko mutu amepona?"

"Panya wamepona. Kwa watu ndiyo kwanza wanaanza kujaribu. Haiko Arua, haiko Kampala. Labda sisi tutakuwa wazee."

"Lakini wanafikiri kama mimi."

"Wanafikiri kama wewe," daktari akasema, na akamwekea mkono begani.

Nje watu walikuwa wanafua nguo za wagonjwa, wanapiga hadithi zao. Nilidhani Sitti amefarijika. Nilimshukuru daktari moyoni, Mungu anisamehe.

"Dokta," Sitti akasema, "ile Sista aliniona mimi mujinga, nilikuwa naweza kukaa nayo. Mujinga anafanya kosa, anakwenda nyumbani, analala. Sasa wewe unaniambia nilikuwa na akili. Nilikuwa na akili, nikachukua akili yangu, nikaua mtoto nayo. Hii akili nitaiweka wapi?"

Daktari akaondoa mkono begani. Nilimkasirikia sana wakati ule. Nilitaka kumwambia aondoke na vipira vyake. Lakini Sitti hakuwa na hasira. Alikuwa anamngojea, ametulia, mtoto mapajani.

"Sema nilikuwa mujinga," akamwambia.

"Mama, siwezi kusema—"

"Wewe umesoma. Ukisema wewe, nitaamini. Sema."

Gari la Abiriga lilikuwa limefika langoni, linanguruma. Daktari Adriko aliangalia chini, akaangalia lile shuka. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi mbele ya wauguzi wake, naye hakuyafuta.

"Ulikuwa mjinga, mama," akasema. "Hukujua."

"Asante, dokta," Sitti akasema.

Abiriga alitupa nafasi ya mbele, akawashusha watu wawili wakapande nyuma juu ya chumvi. Nilimsaidia Sitti kuingia, nikalaza miguu ya mtoto kwenye mapaja yangu. Kabla hatujamaliza nyumba za Arua, kichwa cha Sitti kilikuwa kimeangukia begani kwangu, amelala usingizi mzito, anakoroma. Abiriga alinitazama kwa mshangao. Nikamwambia aendeshe taratibu kwenye mashimo.